Bega limekataa kafi: ninunue kayaki ya pedali?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mzaliwa wa Pangani, ng'ambo ya mto, Bweni. Nina miaka 48 na huu ni mwaka wa 14 niko hapa Minneapolis. Nilipofika nilibeba boksi kama wengine, kisha nikapata kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na huko ndiko bega langu la kulia lilikoishia. Kumgeuza mtu mzima kitandani, kumwinua, kumkalisha kwenye kiti cha magurudumu, zamu baada ya zamu, miaka tisa. Picha imeonyesha kano moja ya bega imechanika kiasi, na kiwiko cha mkono huohuo kinawaka moto upande wa nje kila nikishika kitu kwa nguvu. Daktari hataki kunipasua kwa sasa. Amenipeleka kwenye mazoezi ya viungo, akanikataza kunyanyua kitu juu ya bega na kufanya kazi ya mkono ya kurudiarudia. Kazini wamenihamishia kwenye makaratasi.

Shangazi, kinachonifanya nijisikie mtu katika nchi hii ni maji. Baba alikuwa mvuvi wa mtumbwi, na mimi nilijua kupiga kafi kabla sijajua kusoma. Hapa nilinunua kayaki ndogo ya futi 10, yaani kimtumbwi chepesi cha kupiga kafi, na kila Jumamosi, tangu barafu iyeyuke hadi majani yapukutike, nilikuwa ziwani navua. Mwaka jana mwezi wa nane nilitoka kama kawaida. Upepo ukanisukuma taratibu bila kujua, nilipogeuza omo, yaani mbele ya chombo, nirudi, ukawa unanijia usoni. Dakika ishirini nikawa sina mkono. Sikuweza hata kuunyanyua nivue kofia. Mzee mmoja mwenye boti ya injini ndiye aliyenifunga kamba akanivuta hadi gatini. Tangu siku hiyo kayaki imelala gereji.

Sasa mwenzangu kazini anauza kayaki ya pedali, ya kukanyaga kwa miguu, futi 12, ya rafadha (lile panga linalozunguka chini ya maji), kwa dola 900. Mpya anasema inazidi 2,500. Nimeiona, ni nzuri, kiti chake kama cha sebuleni. Lakini gari langu ni dogo, tena naishi nyumba ya kupanga ghorofa ya pili. Mke wangu ananiuliza: bega ni bovu na bado unaongeza chombo kingine, hela hizo si zingeezeka nyumba ya Bweni? Na mimi mwenyewe moyoni naona haya. Mtoto wa mvuvi anakanyaga baiskeli majini! Nikiwatumia picha wenzangu kule watanielewaje?

Niinunue? Au nikubali tu kwamba habari ya maji imekwisha?

Mvuvi wa Bweni,
Minneapolis

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na jibu, maana najua ndilo ulilolitafuta kabla ya salamu. Habari ya maji haijakwisha. Kayaki ya pedali ni chombo kinachokufaa, tena sana. Ila hiyo ya dola 900 usiinunue.

Nayasema haya kwa sababu yalinipata. Vifundo vyangu vyote viwili vya mikono vimepasuliwa, baada ya miaka 22 ya kushona mapazia kiwandani. Nilipokatazwa kafi nilifanya hivyohivyo unavyotaka kufanya wewe: nikachukua chombo cha kwanza nilichokiona kina pedali, kikubwa, kipana, bei ya kutupa. Siku ya kwanza nilikaa ziwani muda wa saa tatu nzima bila maumivu. Niliimba huko majini, peke yangu. Jua lilipoanza kushuka nikarudi ufukoni, nikatia miguu majini, nikashika mpini wa omo ili nikivute kwenda kwenye gari. Kikaja hatua mbili, kikagoma kwenye changarawe. Nikajikaza, nikavuta tena, na hapo kifundo cha kushoto kikafanya kama uzi unaokatika sindanoni. Nilikaa chini kando ya chombo changu nikalia, mpaka vijana wawili waliokuwa wanachoma nyama pale karibu wakaja kunibebea. Nilivaa kifunga mkono wiki sita.

Maji hayakunigusa, mwanangu. Kilichoniumiza ni zile hatua kumi na tano kati ya maji na gari.

Kwa hiyo kwa mtu wa mkono mbovu swali la kwanza si pedali za aina gani. Ni uzito. Ukishakuwa majini, karibu kila kayaki ya pedali itakupumzisha bega. Tofauti yao iko nchi kavu. Kayaki za kuvulia za futi 12 zenye rafadha, ukijumlisha kiti na mtambo wake, nyingi zinafika kilo 45 hadi 55. Ukivua kiti na mtambo bado unabaki na gogo la kilo 35 au 40, tena pana, lisilo na pa kukumbatia vizuri. Hiyo ndogo yako ina kilo 20 hivi. Sasa fikiria kulipandisha gogo hilo juu ya paa la gari dogo. Mikono lazima ivuke mabega, ndicho hasa ulichokatazwa. Umeondolewa kwenye kuwageuza wagonjwa, kisha Jumamosi ukamgeuze mgonjwa wa plastiki aliyelowa?

Tafuta chombo ambacho kikiwa kitupu, bila kiti wala mtambo, hakivuki kilo 30. Vipo. Lynx ya kampuni ya Hobie, kwa mfano, ina futi 11 na ikiwa tupu ina kama kilo 21. Sikwambii ununue hiyo, ikiwa mpya bei yake ni nzito. Naitaja ujue kwamba pedali na wepesi vinaweza kukaa pamoja, usije ukakubali maneno ya muuzaji kwamba zote ni nzito tu. Na ukisoma uzito kwenye tangazo, uliza umepimwa vipi. Wengine huandika uzito wa chombo kitupu, ukaenda nyumbani ukakuta kilo 15 zaidi za kiti, mtambo na usukani.

Halafu upange safari yake ya nchi kavu kabla ya kutoa hata senti. Kigari cha matairi mawili manene ni cha lazima, wala usikihesabu kama pambo. Unakivika chini ya tezi, yaani nyuma ya chombo, unafunga mkanda, unavuta kwa mkono wa kushoto kwa kutembea, uzito unabebwa na matairi. Kwenye paa la gari, usinyanyue chombo kizima hata siku moja. Omo inaegeshwa kwanza kwenye ukingo wa nyuma wa gari, penye rola au zulia kuukuu, kisha unaenda tezi unasukuma kwa mapaja na mkono wa kushoto. Bora zaidi ni tela dogo, kwa kuwa halikudai kunyanyua kupita goti, ila kwa mtu wa ghorofa najua mahali pa kuliegesha ni shida. Kuna njia ya tatu ambayo watu wetu wengi hawaijui. Idara ya bustani za jiji la Minneapolis hukodisha vichanja vya kuwekea kayaki pembeni kabisa ya maziwa ya jiji, kwa msimu. Hupatikana kwa kura, kwa hiyo uombe mapema. Ukipata, omba kichanja cha chini. Hapo habari ya gari inakwisha, unakuja na mtambo na mishipi yako tu.

Sasa tuje kwenye mitambo yenyewe, maana ziko familia mbili na wewe umeonyeshwa moja.

Ya kwanza ni hiyo ya rafadha. Unakanyaga kwa kuzungusha kama baiskeli, rafadha inazunguka chini ya chombo, na ukikanyaga kinyume chombo kinarudi nyuma papo hapo. Kwa mvuvi hilo ni jambo kubwa, samaki anapokuvuta kuingia kwenye majani unajirudisha bila kuacha fimbo. Ya pili ni ya mapezi. Hobie waliileta mwaka 1997, kazi ya mbunifu mmoja aitwaye Greg Ketterman. Chini ya chombo kuna mapezi mawili laini yanayopepea kulia na kushoto kama ya pengwini, na miguu yako haizunguki, inasukuma mbele kwa zamu, huyu aende, huyu arudi, kama mtu anayepanda ngazi ameketi. Zile za zamani hazirudi nyuma. Tangu toleo la mwaka 2017 zipo zenye kamba mbili ndogo, unavuta moja mapezi yanageuka, unarudi nyuma. Ukinunua iliyotumika, angalia zile kamba kama zipo.

Kwa bega lako na kiwiko chako mimi nachagua mapezi, na sababu ni hii. Ukikaribia maji mafupi mtambo wa rafadha lazima uupandishe, la sivyo rafadha inakwaruza chini. Unaupandisha kwa kushika mpini ulio katikati ya magoti na kuuvuta kuelekea kifuani, kitu cha kilo 10 hivi, mikono imekunjwa, ngumi imebana. Jaribu kuufanya mwendo huo hapo ulipokaa, hata mikono mitupu. Umeusikia upande wa nje wa kiwiko? Mapezi hayana haja hiyo. Unasukuma pedali moja mbele mpaka mwisho, mapezi yote yanalala chini ya tumbo la chombo, unateleza hadi mchangani. Kuutoa mtambo kabisa bado ni kunyanyua, kama kilo 7, lakini hilo unalifanya mara moja tu, umesimama, kwa mkono wa kushoto. Ufunge na kamba kwanza. Mtambo ukikuponyoka kwenye maji marefu unazama.

Majani nayo yana neno. Maziwa yetu hapa yana gugu la majini la kutoka ng'ambo, si lile gugumaji la kwetu, hili lina majani kama manyoya, lilionekana Lake Minnetonka mwaka 1987 na limesambaa. Rafadha inalisokota kama tambi kwenye uma, na kulitoa kunataka uinue mtambo, yaani kiwiko tena. Mapezi nayo hunasa, ila mara nyingi ukikanyaga mapigo mafupi ya harakaharaka yanajikung'uta. Ukitoka majini ondoa kila jani, toa kizibo cha chini maji yamwagike, usafiri nacho kikiwa wazi. Ni sheria ya jimbo hili, na faini ipo.

Na sheria nyingine ambayo kayaki yako ndogo haikukufundisha: hapa Minnesota chombo kisicho na injini kikizidi futi 10 lazima kisajiliwe. Chako ni futi 10 kamili ndiyo maana hukusumbuliwa. Usajili ni wa miaka mitatu na gharama yake ni ndogo.

Usukani kwenye kayaki hizi ni kimpini kidogo kando ya kiti, unakigusa kwa vidole viwili. Nyingi kimewekwa kushoto, na wewe mkono mbovu ni wa kulia, kwa hiyo Mungu amekurahisishia hapo. Lakini ukae na uukamate kabla ya kununua. Vingine ni vigumu kwa sababu kamba za ndani zimekauka au zimekaza, na mkono mzuri ukifanyishwa kazi ya mikono miwili mwaka mzima nao utalalamika. Mimi wa kushoto ndio ulioanza baadaye, kwa sababu hiyohiyo.

Magoti pia, usiyasahau. Umesimama miaka tisa kwenye sakafu ngumu. Kiti kisogezwe mpaka mguu ukinyooka kwenye pedali goti libaki limekunjika kidogo. Ukinyoosha mpaka mwisho goti litauma, ukikunja sana nyonga itauma. Kwenye mapezi goti halipandi juu kama kwenye kuzungusha, na wenye magoti mabaya wengi wanapenda hivyo, lakini kila mwili una majibu yake. Kanyaga nusu saa, si dakika tano. Wiki mbili za mwanzo mapaja yatakuuma kama ya mtu aliyelima. Hayo ni maumivu mema, yanapita.

Kinachonifurahisha zaidi nikikufikiria, mwanangu, ni kurambaza. Kwa kafi huwezi kurambaza sawasawa kwa mikono miwili, lazima uweke fimbo ili upige kafi. Kwa pedali mshipi unaburuzwa nyuma, miguu inatembea pole pole, fimbo imesimama kwenye kishikio chake, na mkono wa kulia umelala mapajani kama sultani. Samaki wa hapa aitwaye walleye anapenda kusubiri jioni pakibaki wekundu juu ya maji, na hakuna namna bora ya kumfuata kuliko hiyo. Fimbo ukiirusha, irushe kwa ubavuni, chini ya bega, au jifunze kushoto. Usiipitishe juu ya kichwa tena.

Sasa nisikilize kwenye hili, maana ndilo lililoninyima usingizi nilipoisoma barua yako. Umeniandikia upepo, mkono, kofia, kamba ya yule mzee. Hukutaja jaketi la kujiokoa. Ulikuwa umelivaa? Kama ulilikalia, kama wanavyofanya wanaume wengi niwaonao, basi siku ile ungeanguka tungekuwa tunazungumza mengine na mke wako. Sheria ya jimbo inataka liwemo chomboni. Mimi nakutaka lifungwe kifuani, tangu gatini hadi gatini. Wewe ni mwogeleaji wa Pangani, najua, lakini ulijifunza ukiwa na mabega mawili na maji ya vuguvugu. Hapa barafu ikiyeyuka mwezi wa nne maji yanakuwa na joto kidogo tu juu ya sifuri. Maji ya namna hiyo hukata nguvu za mikono kwa dakika chache, hata ya kijana mzima. Mazoea yako ya kutoka mara barafu ikiondoka, yaache. Ngoja mwezi wa sita.

Na ujue utakavyorudi chomboni ukianguka. Kayaki hizi ni pana, hazipinduki ovyo, lakini zikipinduka si rahisi kuzigeuza, na hiyo ni sababu nyingine ya kukimbia kilo 50. Watu hujaribu kupanda kwa kujivuta kwa mikono, kama mtu anayepanda ukuta. Bega lako haliwezi hilo. Wewe jilaze majini kwa tumbo, miguu ielee nyuma, shika ukingo kwa kushoto, kisha piga mateke mpaka tumbo litue juu ya chombo. Ukishatua pumzika. Halafu ndipo unajigeuza, makalio yatafute kiti. Beba pia kamba yenye kitanzi, ifunge upande wa kushoto, iwe ngazi ya kukanyagia. Haya yajaribu mwezi wa saba, maji ya kifuani, na mtu amesimama karibu, ukiwa na nguo zako za kuvulia. Usipoweza kurudi kwenye chombo fulani, chombo hicho si chako, hata kama ni cha zawadi.

Upepo nao. Bweni usingethubutu kutoka bila kujua kusi imeamkaje. Hapa ziwa ni dogo, unaona nyumba pande zote, ukajisahau. Toka ukiupinga upepo, urudi ukikusukuma. Hata pedali hukatika kamba, hata mapezi hugonga jiwe.

Ndiyo maana nakuomba usilitupe kafi. Hakuna kayaki ya pedali isiyo na kafi ndani, utalihitaji kwenye maji mafupi, kwenye kujisukuma gatini, na siku mtambo ukifa. Lakini si lile refu la pande mbili linalokulazimisha kuinua mikono. Chukua fupi la upande mmoja, jepesi, lile ulilofunzwa na baba. Unalipiga chini, karibu na ubavu, kwa mkono wa kushoto ndio unaovuta na wa kulia umeshika kichwa chake tu, chini ya kidevu. Kwa mwendo huo bega halipandi.

Kuhusu haya unayoiona. Huko Myanmar kuna ziwa linaitwa Inle. Wavuvi wa kabila la Intha husimama kwa mguu mmoja kwenye ncha ya mtumbwi, mguu wa pili wameuzungusha kwenye kasia, wanapiga kasia kwa mguu ili mikono ibaki na nyavu. Hakuna anayewaambia hao si wavuvi. Watu huvuka bahari kwenda kuwatazama. Baba yako alipotweka tanga aliacha upepo umfanyie kazi, na kafi likapumzika miguuni pake. Sijui ni nani Pangani nzima alimcheka kwa hilo. Watumie wenzako picha. Wa umri wako wenye mabega mabovu kule ni wengi kuliko wanavyokiri, na swali la kwanza watakalokuuliza ni bei.

Mke wako ana hoja, usimjibu kwa hasira. Mwambie hutanunua sasa. Mwanzo wa msimu kodi kayaki ya pedali mara mbili au tatu, ya mapezi na ya rafadha, uone mkono unasemaje kesho yake asubuhi, kwa kuwa bega la aina yako hulalamika ukishalala. Nenda naye, akae kiti cha pili kama wana ya watu wawili. Mtaalamu wako wa mazoezi ya viungo mpe maelezo kamili, usimwambie tu nataka kuvua. Mwonyeshe mwendo wa kuvuta kigari, wa kuinua mtambo, wa kupanda kutoka majini, umwulize upi hataki kuuona. Yeye ameigusa hiyo kano, mimi sikuigusa. Akisema ngoja miezi mitatu, ngoja. Kisha uza hiyo ya futi 10, ongeza kidogo, tafuta iliyotumika mwezi wa tisa au wa kumi, watu wanapotaka kupunguza vitu kabla ya theluji. Zikiwa mpya, za kawaida zinaanzia kama dola 1,500 na za juu zinapita 4,000, hivyo iliyotumika vizuri si aibu. Ukiikagua, ipindue, pitisha kidole kuzunguka tundu la mtambo uone kama kuna ufa, tikisa pedali usikie kama zinacheza, vuta usukani huku na huku. Usikubali iliyokaushwa kwenye jua miaka na miaka, plastiki yake huwa kama yai.

Kama utashawishika kuweka injini ya umeme badala yake, jua betri nayo ni kilo za kubeba kwa mkono uleule. Mimi nisingeanzia huko.

Yule mwenzako mshukuru. Mwambie chombo chake ni kizuri na kitampata mwenyewe.

Na Jumamosi ya kwanza utakayokuwa na chombo chako, usiende kuvua. Kaa karibu na gati, mtambo umeufunga ndani, chukua lile kafi fupi, hesabu mapigo 50 kwa mkono wa kushoto, pumzika, hesabu 50 mengine. Tazama umekwenda umbali gani. Huo ndio umbali wa kuwa mbali na pwani mpaka bega lipone. Kisha niandikie umefika wapi, na chombo ulichokipata kina kilo ngapi.

Shangazi yako